Kuinua klabu za michezo za mtaani Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameulizwa na viongozi wa timu, wazazi, walimu na wakazi wa Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni. Mengi yanahusu mpira wa miguu kwa sababu ndio unaochezwa kila kona, lakini majibu yanafaa pia kwa netiboli, kikapu, wavu, ngumi na vikundi vya jogging. Tunayaandika kwa kuamini jambo moja ambalo tumeliona likijirudia: klabu ya mtaani haifi kwa kukosa mfadhili mkubwa. Inakufa inapokosa uwanja wa uhakika, daftari la wachezaji na mtu wa kufungua stoo ya vifaa kila siku ya mazoezi.

Tuna jezi, kocha na vijana kama ishirini hivi. Je, sisi tayari ni klabu?

Ninyi ni timu, na huo ni mwanzo mzuri. Mtajua mmekuwa klabu siku kocha atakapohamia Mwanza na mazoezi ya Jumatatu yakaendelea kama kawaida. Klabu ina watu wanaogawana kazi: mwenyekiti, katibu, mhazini, mtunza vifaa, na angalau mama mmoja au wawili wa mtaani ambao watoto wanawaheshimu. Ina ratiba isiyobadilika kila wiki. Ina vikundi vya umri, ili kijana wa miaka 11 asigongane na mtu wa miaka 24 mwenye mke na watoto. Timu ya ndondo inayokusanyika wiki moja kabla ya mashindano na kutawanyika baada ya fainali ina raha yake, ila mtoto wa darasa la nne haiwezi kumlea.

Kwa nini tuhangaike na timu ndogo wakati jiji lina Simba na Yanga?

Kwa sababu hata hizo mbili zilianza hivyo hivyo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote zikiwa mikusanyiko ya vijana wa Kariakoo na mitaa ya jirani, wakati ambapo hakuna aliyewazia mikataba ya udhamini. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, akapitia African Lyon, timu ambayo mwanzoni iliitwa Mbagala Market. Alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2015 kwa wanaocheza ndani ya bara, na Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa ya Uingereza. Kabla ya hayo yote kulikuwa na uwanja wa vumbi na mtu mzima aliyekubali kusimama pale kila jioni.

Lakini tusihesabu nyota tu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watazamaji 60,000, nao wamekaa. Hao wengine wote watakimbia wapi? Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Viwanja vikubwa haviwezi kutoa dakika hizo. Zinapatikana kwenye eneo la wazi lililo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani.

Tunasajiliwa wapi, na tuanze na nini?

Anzeni nyumbani: serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wakiwafahamu, barua ya utambulisho haitawasumbua, na mtaihitaji kila mnapogonga mlango wa ofisi. Kisha nendeni kwa afisa michezo wa manispaa yenu, ambaye atawapa fomu na kuwaeleza ada ya wakati huo. Usajili wenyewe uko chini ya Msajili katika Baraza la Michezo la Taifa, BMT, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Kinachowakwamisha wengi ni katiba. Mara nyingi huwa wamenakili katiba ya klabu nyingine neno kwa neno, mpaka jina la ile klabu limebaki kwenye ukurasa wa pili. Kaeni chini mwandike ya kwenu, kurasa chache zinatosha. Semeni nani ni mwanachama, anaingiaje na anatokaje. Viongozi wanachaguliwa lini. Pesa inatoka kwa saini za nani. Na klabu ikivunjika, mipira na nyavu zinakwenda kwa nani. Hicho kipengele cha mwisho watu hukiruka, halafu ndicho huleta ugomvi. Ambatanisheni muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini.

Kusajiliwa BMT ni hatua moja, na kuingia kwenye mashindano ya chama cha mchezo ni hatua nyingine. Kwa mpira wa miguu mtapitia chama cha wilaya, kwa mfano KIFA kwa Kinondoni au TEFA kwa Temeke, kisha DRFA ya mkoa, hadi TFF, shirikisho la taifa. Netiboli iko chini ya CHANETA.

Hatuna uwanja. Tufanye nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote.

Shule za msingi za serikali nyingi zina uwanja unaokaa mtupu kuanzia saa 10 jioni. Msiende kuomba kwa mdomo. Mwandikieni mwalimu mkuu, nakala kwa kamati ya shule, mkitaja siku na saa mnazotaka, nani atashika funguo ya geti, na mtarudisha nini. Shule haihitaji maneno matamu. Inahitaji magoli yaliyotengenezwa, nyasi zilizofyekwa, uhakika kwamba dirisha la darasa likipasuka kuna mtu wa kulipa, na ikiwezekana nafasi kwa wanafunzi wake kufanya mazoezi nanyi bila ada. Tumeona timu zikifukuzwa shuleni kwa jambo dogo tu: chupa za maji zilizoachwa uwanjani, walimu wakazikuta asubuhi.

Viwanja vinavyojulikana kama Kinesi, au Mwembe Yanga na Bandari kule Temeke, vina wenyewe na vina ratiba. Nendeni mkaulize nafasi za asubuhi au siku za katikati ya wiki, kwa sababu Jumamosi na Jumapili jioni hamtapata. Kwa mchezo wa kikapu, JMK Park ya Kidongo Chekundu, iliyofunguliwa mwaka 2015, ni mahali pa kuanzia kuulizia.

Na kama eneo lenu ni dogo, chezeni mchezo unaotosha pale. Nusu ya uwanja wa netiboli inatosha kufundisha watoto 14 kupokea na kutoa pasi. Watoto wadogo hawahitaji magoli makubwa. Koni nne, mpira namba 4 na timu za watoto watano watano huwafanya waguse mpira mara nyingi kuliko wakiwa 11 kwa 11, ambapo beki wa kulia anaweza kusimama nusu saa akihesabu daladala.

Mistari nayo isiwasumbue. Chukueni kopo la maziwa, toboeni matundu chini kwa msumari, jazeni chokaa. Mmoja anavuta kamba kati ya vijiti viwili, mwingine anatembea juu ya kamba akigonga kopo kwa kijiti, chokaa inashuka kidogo kidogo. Watoto hupenda kazi hii, na mtoto aliyechora mstari wa kumi na nane hukanyaga pale kwa heshima.

Eneo letu la wazi limeanza kuwekewa nguzo na mawe. Tufanyeje?

Chukueni hatua wiki hiyo hiyo. Ukuta ukishasimama, kesi huchukua miaka.

Kwanza, nendeni idara ya mipango miji ya manispaa mkaombe kuona mchoro wa eneo lenu. Dar es Salaam ina maeneo ambayo wakazi wamecheza kwa miaka thelathini kumbe kwenye mchoro ni kiwanja cha mtu, na ina mengine yaliyochorwa wazi kuwa ni ya michezo lakini yamejengwa fremu za maduka. Lazima mjue mko upande gani kabla ya kupiga kelele. Kama mchoro unasema eneo la wazi au la michezo, Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 iko upande wenu: matumizi ya ardhi hayabadilishwi kimyakimya, kuna utaratibu wa maombi na wa kusikiliza watu wa eneo husika.

Pili, pelekeni jambo kwenye mkutano wa mtaa na mhakikishe limeandikwa kwenye muhtasari. Barua ya klabu pekee ni ya vijana wa mpira. Muhtasari wenye saini za wazee, akina mama na mwenyekiti ni sauti ya mtaa. Nakala ziende kwa diwani, mtendaji wa kata na mkurugenzi wa manispaa. Pigeni picha zenye tarehe. Msing'oe nguzo wala kubomoa, maana mkifika polisi kama watuhumiwa mtakuwa mmepoteza mwezi mzima.

Tatu, na hili ni la miaka yote: eneo lionekane linatumika. Pandeni miarobaini pembeni, wekeni magoli ya chuma yaliyochimbiwa, waiteni wazee wafanye mazoezi yao asubuhi na watoto wa chekechea wacheze mchana. Mvamizi huanza kwa kuangalia mahali palipo kimya.

Pesa tutapata wapi?

Anzeni na ada, hata iwe ndogo kiasi gani. Wachezaji 30 wakitoa shilingi 500 kwa wiki, hiyo ni 15,000 kwa wiki na 780,000 kwa mwaka. Hiyo hainunui basi, lakini inanunua mipira, inalipa marefa na nauli ya mechi za ugenini. Asiye na uwezo asifukuzwe. Apewe kazi ya kufua jezi au kupanga vifaa, na jambo hilo libaki kati yake na mhazini.

Baada ya ada, tazameni wafanyabiashara wa mtaa wenu. Duka la dawa linaweza kutoa bandeji na spiriti. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza magoli mkileta mabomba. Mama lishe anaweza kutoa uji siku ya bonanza la watoto. Waombeni kitu wanachokiuza au kukijua, siyo fedha taslimu, kisha watajeni mbele ya watu siku ya mechi. Mfadhili wa namna hii hana makuu, na mwakani bado yupo.

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo ya shughuli za uzalishaji, kwa hiyo hamtaipata kwa kununulia jezi. Ila wachezaji wenu watu wazima wanaweza kuunda kikundi cha kushona, kufuga kuku au kuosha magari, na kikundi kikakubaliana sehemu ya faida iende kwenye klabu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona.

Kuhusu utunzaji: pesa ya klabu isikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Mwisho wa mwezi mhazini asome mapato na matumizi mbele ya wachezaji na wazazi, na karatasi ibandikwe ukutani. Klabu inayosoma hesabu zake kwa sauti huchangiwa tena.

Mgombea anataka kutupa jezi zenye picha yake. Tukubali?

Jezi pokeeni kama zinahitajika, lakini jadilini kwanza masharti, na uamuzi uwe wa kikao. Wachezaji wenu wana vyama tofauti na wengine hawana chama. Klabu ikigeuka tawi la mtu, nusu ya mtaa itakaa mbali nayo hata uchaguzi ukiisha. Sisi tungemwomba atoe kitu kisicho na sura ya mtu, mathalani nyavu, tanki la maji au taa.

Kwa kampuni za kubeti tuna msimamo mkali zaidi: nembo ya kamari isikae kwenye kifua cha mtoto. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari Tanzania, sasa kwa nini aitangaze?

Wasichana hawaji. Tumewatangazia lakini wanakuja wawili watatu kisha wanaacha.

Tangazo halitoshi, na mara nyingi tatizo si kwamba wasichana hawapendi. Pita uchochoro wowote wa Manzese au Tandika saa 10 jioni uone rede: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, anaruka, anainama, anageuka, macho hayaachi mpira hata kidogo. Huyo ni mwanamichezo tayari. Kinachomzuia kufika uwanjani ni mambo mengine.

Saa ni jambo la kwanza. Wengi wao hutakiwa nyumbani jioni kuchota maji, kupika au kulea mdogo wao. Waulizeni mama zao saa ipi inawezekana. Katika mitaa mingi jibu ni Jumamosi asubuhi, na mdogo wake aruhusiwe kuja naye. Jambo la pili ni mahali pa kubadilishia nguo na choo chenye mlango unaofungika. Timu ikikosa hilo, msichana aliye kwenye hedhi atabaki nyumbani siku hizo, na akikosa mazoezi mara kadhaa ataona aibu kurudi. Wekeni pedi kwenye sanduku la huduma ya kwanza kama mnavyoweka bandeji, bila ya yeye kulazimika kumwomba kocha wa kiume.

La tatu ni mavazi. Wazazi wengi wa Dar es Salaam wanataka binti yao ajisitiri, nao wana haki. Hijabu imeruhusiwa rasmi kwenye sheria za mpira wa miguu tangu mwaka 2014, na suruali ndefu ya kubana chini ya bukta haimzuii mtu kupiga krosi. La nne, na huenda ndilo kubwa, awepo mwanamke kwenye benchi. Akiwa kocha ni bora zaidi. Akiwa meneja au mtunza vifaa inasaidia pia.

Mzazi akikuuliza mpira utampeleka binti yake wapi, mwambie kuhusu Serengeti Girls, waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Lakini mwambie pia kwamba hata asipofika huko atakuwa na afya, marafiki na sauti.

Mwanangu ataacha kusoma akipenda mpira?

Inaweza kutokea klabu isipokuwa na utaratibu. Mzazi una haki ya kuuliza: mazoezi yanaanza na kuisha saa ngapi, na nani anajua mtoto yuko darasa gani? Klabu nzuri haimfundishi mtoto wakati wa masomo, hupunguza mazoezi ya darasa la saba kabla ya mtihani wa Septemba, na inawasiliana na mwalimu. Tena michezo ya shule yenyewe, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, inamhitaji mtoto awe mwanafunzi. Kocha mwenye akili hutumia hilo kumbakiza darasani.

Tunahakikishaje mtoto yuko salama mikononi mwa kocha?

Kwa sheria zilizoandikwa na kwa macho ya watu wengi. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, mzazi yeyote akaribishwe kutazama bila kutoa taarifa. Kocha asiwe peke yake na mtoto chumbani, garini au kwenye safari. Meseji za mazoezi ziende kwenye kundi la wazazi na si kwa mtoto usiku. Fimbo na matusi havina nafasi. Mtoto aliyekosea pasi hafundishwi kwa kuzabwa kofi.

Mkisikia jambo la unyanyasaji, msilimalize kwa kikao cha viongozi wala kwa kulipana. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au pigeni namba ya bure ya kumsaidia mtoto, 116. Jina la klabu litapona. Mtoto aliyenyamazishwa huumia maisha yake yote.

Mtu amesema atampeleka kijana wetu Ulaya, anataka nauli na pesa ya viza. Je?

Msimpe hata shilingi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi isipokuwa kwa mazingira machache yaliyotajwa, na mawakala wanatakiwa kuwa na leseni ya FIFA. Mwombeni jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, barua ya klabu inayomtaka kijana, kisha pelekeni vyote TFF vikathibitishwe. Mkweli atasubiri. Anayesema ndege ni kesho, mwacheni apande peke yake.

Kijana tuliyemlea akija kuuzwa, klabu inapata chochote?

Inaweza kupata, na hapa ndipo lile daftari linageuka kuwa mali. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa kwa klabu zilizomlea tangu msimu wa umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15 klabu iliyokuwa naye hupata asilimia 0.25 ya ada yote. Kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23, asilimia 0.5.

Tuseme mlikuwa naye tangu msimu wa miaka 13 hadi wa 17, na baadaye anauzwa kwa dola 200,000. Misimu mitatu ya mwanzo ni asilimia 0.75, miwili inayofuata ni asilimia 1. Jumla 1.75, sawa na dola 3,500. Kwa klabu ya Buza au Kigogo, hizo ni mipira na nyavu za miaka.

Sharti ni kwamba klabu iwe imetambuliwa kupitia chama chake hadi TFF na mchezaji awe amesajiliwa kwenu rasmi katika miaka hiyo. Ushahidi wa "kila mtu mtaani anajua alikuwa wetu" hausaidii. Kwa hiyo kila mtoto aandikwe kwenye kaunta buku siku ya kwanza: jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe, shule, simu ya mzazi, tarehe aliyoanza na baadaye aliyotoka. Msipunguze umri. Umri wa uongo humharibia mtoto safari mbele ya safari, na klabu hupoteza haki yake.

Tunawezaje kuwashirikisha watu wenye ulemavu?

Waulizeni wao kwanza wanataka kucheza nini. Timu ya taifa ya mpira wa miguu kwa wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022, kwa hiyo uwezo upo. Mtaani, kikwazo huwa njia ya kufika: mchanga mwingi, mfereji usio na daraja, bodaboda wanaokataa kubeba magongo. Panga mtu wa kumpitia mwenzake. Kwa asiyesikia, refa awe na kibendera cha kupeperusha pamoja na filimbi.

Sisi ni watu wazima, tunataka jogging tu. Hiyo nayo ni klabu?

Ndiyo, na pengine ndizo klabu zinazokua kwa kasi zaidi jijini. Jumamosi na Jumapili alfajiri vikundi vimejaa barabarani, nyimbo zinaanza saa 12 asubuhi, na mwisho kuna supu. Faida yake kubwa ni kwamba anaingia yeyote: mama wa miaka 50 ambaye hajawahi kugusa mpira, dereva wa bajaji, mwalimu mstaafu.

Tunaomba mambo mawili. Barabarani, wa mbele na wa nyuma wavae vizibao vinavyong'aa na kushika vibendera vyekundu. Msijaze njia zote mbili, na mtoto asikimbie upande wa magari. Na mwanachama mpya mwenye umri mkubwa, au mwenye presha au kisukari, apime kwanza kituo cha afya kisha aanze kwa kutembea haraka. Kikundi kiende kwa mwendo wa aliye nyuma angalau kilomita ya kwanza.

Tunaandaa kombe la mbuzi. Tuepuke vipi vurugu?

Vurugu nyingi zina mzizi mmoja: mamluki. Timu inakuja na wachezaji wa ligi za juu waliokodishwa kwa siku moja, watu wa mtaa wanaona wamedhulumiwa, mawe yanaanza. Dawa yake ni orodha yenye picha inayofungwa wiki moja kabla, na nakala ibandikwe uwanjani kila mtu aione. Amueni mapema kama wageni wanaruhusiwa na wangapi. Si lazima mkataze, lazima muwe wazi.

Marefa watoke chama cha waamuzi cha wilaya na walipwe kabla ya mechi, si baada. Mechi ianze saa 10 kamili ili hata ikienda penati imalizike kabla ya magharibi. Toeni taarifa serikali ya mtaa na kituo cha polisi. Na siku ya fainali itangulie mechi ya watoto au ya netiboli ya akina mama, kwa sababu uwanja wenye familia nyingi una nidhamu ya aina yake.

Mchezaji akiumia, tufanye nini kabla ya kufika hospitali?

Kifundo kikiteguka, msimchue wala kumkanda kwa maji ya moto saa hizo. Barafu ya mfuko inayouzwa dukani, ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe dakika 15 hadi 20, mguu uinuliwe. Mfupa ukiwa umevunjika au mnahisi hivyo, msiuvute kuunyoosha. Ufungeni kwenye kipande cha ubao ulivyo na mumpeleke. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika au akapoteza fahamu hata kidogo, hatarudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa na fainali imebaki dakika tano. Simu za wazazi ziwe kwenye daftari pale pale uwanjani.

Ramadhani na masika tusimamishe mazoezi?

Hapana, badilisheni. Mwezi wa Ramadhani fanyeni mazoezi mepesi muda mfupi kabla ya futari, au usiku baada ya tarawehe kama kuna taa na wazazi wameridhia. Masika, Machi hadi Mei, uwanja ukijaa maji msiuchimbe kwa kucheza kwenye tope, maana mtakaa na mashimo hadi Desemba. Tumieni banda au darasa kufundisha sheria za mchezo, kutengeneza nyavu na kufanya uchaguzi wa viongozi.

Mimi sichezi na sina pesa. Naweza kusaidia nini?

Mengi kuliko unavyodhani. Klabu inahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika muhtasari, mtu anayejua kompyuta wa kuchapa barua ya kwenda manispaa, fundi cherehani wa kushona vizibao vya mazoezi, muuguzi wa kufundisha huduma ya kwanza Jumapili moja, na jirani mwenye chumba kikavu cha kutunzia mipira. Nenda uwanjani siku ya mazoezi, muulize mtunza vifaa anapungukiwa na nini wiki hii, chukua kazi moja unayoiweza na uwaambie ni siku ipi utakuwa unaifanya.